Mwalimu wa Chuoni Katika Mtaa wa Malindi

Katika mtaa wa Malindi, uliopo kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, karibu na bandari na Msikiti Mnara, elimu ya mtoto ilianzia chuoni, yaani nyumbani kwa mwalimu wa Qurani, ambaye naye aliipokea kwa waliomtangulia. Mtoto alipakata ubao ulioandikwa kwa wino wa masizi, akazitaja herufi kwa sauti pamoja na irabu zake, wala hakuandikiwa nyingine mpaka zile zimekaa moyoni, ndipo ubao ukakoshwa.

Skuli za serikali zilipofunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20, wazazi wengi walizitilia shaka, wakihofia dini ya wana wao. Na hofu ile, kwa rai yangu, ilikuwa na haki. Hata hivyo, Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, alizikusanya njia zote mbili, ya chuoni na ya skuli: alisoma kwa masheikh wa mji, akasomesha skuli za serikali, kisha akawa kadhi. Tafsiri yake ya Qurani, iliyotoka kamili mwaka 1969, ni kazi ya mwalimu hasa, kwani yafahamika hata na asiyejua Kiarabu.