Pua Kabla ya Macho

Somo letu la leo ni la historia. Lakini si historia ya wafalme, wala si ya vita. Ni historia ya jinsi watu walivyopata kujua kwamba mnyama mchanga huanza kujifunza kwa pua yake, tangu siku ya kwanza, na hata kabla ya kuzaliwa.

Kama umefuga mbuzi, jambo hili umeliona. Mbuzi amezaa usiku. Asubuhi unamkuta mtoto amesimama, miguu inatetemeka, na mama anamlamba na kumnusa. Sasa mletee mama huyo mtoto wa mbuzi mwingine. Atamnusa mara moja tu, kisha atampiga kichwa. Hatazami rangi yake. Pua imekwisha kumwambia kuwa huyu si wake.

Wafugaji walijua habari hii zamani sana. Mwana-kondoo akifa, na mwingine akabaki yatima, mchungaji alimchuna yule aliyekufa na kumvika yatima ile ngozi. Mama alinusa ngozi, akatambua harufu ya mtoto wake, akakubali kunyonyesha. Hivyo yatima aliokoka. Wachungaji hao wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Walijua kwa kutazama.

Lakini kujua kwamba jambo liko ni kitu kimoja, na kujua kwa nini liko ni kitu kingine. Je, mtoto wa mnyama huzaliwa anaijua harufu, au hufundishwa? Swali hili lilichukua zaidi ya miaka mia moja kupata jibu. Tulifuate hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza inatupeleka Uingereza. Palikuwa na mtu jina lake Douglas Spalding. Alizaliwa mwaka wa 1841. Hakuwa mtoto wa tajiri. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuezeka mapaa ya nyumba katika mji wa Aberdeen, huko Uskoti. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha mji huo, Alexander Bain, aliona hamu yake ya elimu, akamwombea ruhusa ya kuhudhuria masomo bila kulipa ada. Basi fundi wa mapaa akaingia darasani akiwa mtu mzima. Wewe unayejifunza leo baada ya kazi, mkumbuke huyo.

Mwaka wa 1873 Spalding alitangaza habari za majaribio yake juu ya wanyama wachanga. Aliwafunika vifaranga macho mara tu walipotoka mayaini, na alipowafungua baada ya siku chache walidonoa wadudu vizuri bila kufundishwa. Tena alieleza habari ya paka. Siku moja alikuwa amempapasa mbwa wake. Kisha akatia mkono ule ule katika kikapu chenye watoto wanne wa paka, wa siku tatu tu. Macho yao yalikuwa hayajafunguka. Hawakupata kumwona mbwa maishani. Lakini mara walipopata harufu ya mkono ule, wakaanza kufoka na kutema mate kwa hasira!

Spalding aliona hapo dalili kwamba maarifa mengine huzaliwa nayo mnyama, kama anavyozaliwa na miguu yake. Alikufa mwaka wa 1877 kwa kifua kikuu, akiwa bado kijana. Kazi yake ikasahauliwa kwa muda mrefu.

Hatua ya pili ni Marekani, mwaka wa 1964. Mtaalamu Peter Klopfer wa Chuo Kikuu cha Duke, pamoja na wenzake wawili, aliwachunguza mbuzi. Mbuzi wengine walinyang'anywa watoto wao mara tu walipozaa. Waliporudishiwa watoto hao baada ya saa moja mpaka tatu, wengi waliwakataa. Lakini mbuzi wengine waliachiwa watoto kwa dakika tano kwanza, kisha wakatenganishwa nao kwa muda ule ule. Hao waliwakubali watoto wao. Dakika tano! Muda wa kuchemsha chai. Basi ilionekana kuwa mama hujifunza, na wakati wa kujifunza ni mfupi sana. Ukipita, mlango unafungwa.

Na mtoto je? Hapo tunafika hatua ya tatu. Kati ya mwaka wa 1976 na 1977, Martin Teicher na Elliot Blass walichunguza panya weupe katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mtoto wa panya huzaliwa kipofu, lakini huipata chuchu ya mama yake bila kukosea. Wataalamu hao waliziosha chuchu za mama kwa uangalifu. Watoto wakashindwa kunyonya, ingawa maziwa yalikuwa tele. Kisha chuchu zikapakwa yale maji ambayo mtoto hulala ndani yake tumboni. Watoto waliozaliwa karibuni wakazishika tena. Fikiri habari hiyo. Mtoto hakuwa akiifuata harufu ya maziwa. Alikuwa akiifuata harufu ya mahali alipotoka.

Lakini harufu hiyo aliijua kwa kuzaliwa, au alijifunza alipokuwa tumboni? Mwaka wa 1982 Patricia Pedersen na Blass walileta jibu. Walitia harufu ngeni katika maji ya tumbo la uzazi, siku chache kabla ya panya kuzaa. Harufu hiyo ni ile inayonukia kama limau, na ndiyo iliyo nyingi katika majani ya mchaichai unayotia katika chai. Watoto walipozaliwa wakanusishwa tena harufu ile ile. Kisha wakapelekwa kunyonya. Walizikataa chuchu za kawaida, lakini wakazishika zile zilizooshwa na kutiwa harufu ya limau. Basi mtoto alikuwa amejifunza kabla ya kuliona jua. Tumbo la mama lilikuwa darasa lake la kwanza.

Je, Spalding alikosea? Ngoja kwanza. Hatua ya nne ni Ufaransa, katika mji wa Dijon. Huko Benoist Schaal na wenzake walichunguza sungura. Mama sungura huja kunyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa dakika tatu au nne, kisha huenda zake. Mtoto asiyeiona chuchu upesi hulala na njaa mpaka kesho yake. Hapana nafasi ya kujaribu na kukosea. Mwaka wa 2003 wataalamu hao walitangaza kwamba wamepata katika maziwa ya sungura harufu moja ambayo mtoto huifuata bila kufundishwa. Walipakaza kidogo tu katika kijiti cha kioo, na watoto wa sungura wakakitafuta kijiti na kukishika kwa mdomo kana kwamba ni chuchu.

Hapo Spalding akapata haki yake. Lakini mwaka wa 2006 Gérard Coureaud, mmoja wa wenzake Schaal, na wengine walionyesha jambo la ajabu zaidi. Walichanganya harufu ile ya asili na harufu nyingine ngeni, wakawanusisha watoto wa sungura mara moja tu. Kesho yake ile harufu ngeni peke yake ilitosha kuwafanya watafute chuchu. Umeona? Harufu aliyozaliwa anaijua imekuwa mwalimu wa harufu asiyoijua. Kwa hiyo jibu la swali letu si moja, ni mawili yaliyoshikana mikono. Mnyama huzaliwa na kidogo, na kwa kidogo hicho hujifunza kingi.

Sasa tumgeukie binadamu. Mwaka wa 1975 daktari Aidan Macfarlane, huko Oxford, aliweka karibu na uso wa mtoto mchanga vitambaa viwili vilivyokaa kifuani, kimoja cha mama yake na kimoja cha mama mwingine. Watoto wa siku mbili hawakuonyesha tofauti. Lakini watoto wa siku sita waligeuza uso zaidi upande wa kitambaa cha mama. Siku chache tu zilikuwa zimetosha. Na mwaka wa 1994 wataalamu Varendi, Porter na Winberg walieleza habari ya watoto 30 waliolazwa kifuani mwa mama mara walipozaliwa. Ziwa moja lilikuwa limeoshwa, la pili halikuoshwa. Watoto 22 walilichagua lile lisilooshwa.

Kwa nini nakuambia haya? Kwa sababu pengine nyumbani kwako atazaliwa mtoto, na wako watakaotaka kumwogesha upesi wageni wasije wakamwona na uchafu. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka wa 2013, lilisema mtoto asiogeshwe mpaka zipite saa 24. Akaushwe, kisha alazwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Sababu kubwa ni kumkinga na baridi. Lakini wewe sasa unajua na jambo la pili: mtoto huyo yumo darasani, na kitabu chake ni harufu ya mama yake. Usikifute kabla hajakisoma.

Na zizini pia ni hivyo. Mbuzi akizaa, mwache amlambe mtoto wake. Usimpanguse mtoto ukamwondolea harufu, wala usimpeleke mbali bila sababu. Dakika zile za kwanza hazirudi.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Spalding alifanya kazi gani kabla ya kuingia chuo kikuu?
2. Kwa nini watoto wa panya walishindwa kunyonya chuchu zilizooshwa?
3. Kwa nini mtoto wa sungura hana nafasi ya kukosea?
4. Waulize wazee wa kwenu: walifanya nini mnyama alipomkataa mtoto yatima? Andika jibu lao kwa sentensi tatu, ulilete darasani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.