Ghala la Pili

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyetunga methali hiyo hakuijua kompyuta, wala hakupata kuota kwamba siku moja daftari la nyumba nzima litaweza kukaa ndani ya kisanduku cha chuma kilicho kidogo kuliko kitabu cha hesabu. Lakini hekima yake haijachakaa. Kila daftari lina mwisho wa kurasa zake, na linapojaa, mwenye nalo hana budi kutafuta jingine. Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji, daftari la kompyuta lilivyozaliwa, lilivyokua, na jinsi la pili linavyoongezwa penye la kwanza. Kisha nitakuonyesha jambo ambalo mwenye madaftari mawili hapaswi kulisahau.

Tuanze na nchi yetu wenyewe. Kabla reli haijafika Thika mwaka wa 1913, na kabla ya mashamba makubwa ya kahawa na mkonge kuenea kati ya mto Ruiru na mto Chania, kila boma la Wagikuyu lilikuwa na ghala lake. Ghala hilo lilisukwa kwa fito, likaezekwa kwa nyasi, na likainuliwa juu ya ardhi. Mwaka wa mavuno mema, ghala moja lisipotosha, la pili lilijengwa. Hata hivyo mwenye boma mwenye busara hakuuliza tu kama ghala lake ni kubwa. Aliuliza pia kama panya hawezi kupanda, kama paa halivuji, na kama moto ukizuka usiku watoto watakula nini kesho. Tafadhali yashike maswali hayo, kwa maana tutayarudia.

Siku hizi katika nyumba nyingi za Ruiru na Thika utakuta kompyuta, ambayo wengine huiita tarakilishi. Ndani yake mna picha za arusi na za mazishi, hesabu za chama cha akina mama, barua za kuomba kazi, masomo ya watoto, na sauti za wazee waliokwisha kufariki. Siku moja mashine hukataa kupokea kitu kingine, ikisema kwamba nafasi imekwisha. Hapo watu wengi huchanganya mambo mawili. Kompyuta ina kumbukumbu ya aina mbili. Ya kwanza ni kama ubao wa darasani: huandikwa upesi na kufutwa upesi, na umeme ukikatika yote yaliyoandikwa hutoweka. Ya pili ni kama daftari: huhifadhi maandishi hata mashine inapozimwa. Daftari hilo ndilo diski, na hilo ndilo linalojaa.

Wewe uliye mwanafunzi utafurahi kujua kwamba diski ilitokana na kazi ya mwalimu. Reynold Johnson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1906, alikuwa akifundisha sayansi katika shule ya upili mjini Ironwood, jimbo la Michigan. Kazi ya kusahihisha mitihani ilimfikirisha. Alijua kwamba alama ya penseli hupitisha umeme, basi akabuni mashine ya kutambua majibu ya mwanafunzi kwa alama alizopiga kwenye karatasi. Kampuni ya IBM ilimwajiri mwaka wa 1934, na mashine yake ikatolewa mwaka wa 1938. Katika nchi yetu, tangu mwaka wa 1985 hadi mwaka wa 2023, watahiniwa wa KCPE walijibu maswali ya kuchagua kwa kupiga vistari vya penseli vilivyosomwa na mashine. Mashine hizo zilisoma kwa mwanga na si kwa umeme, lakini wazo la asili ni lile lile.

Mwaka wa 1952 kampuni hiyo ilimpeleka Johnson mjini San Jose, katika jimbo la California, akafungue maabara mpya. Wakati ule habari za biashara ziliwekwa katika kadi zilizotobolewa matundu. Mtu akitaka kujua habari ya mteja mmoja, ilibidi rundo zima la kadi lipitishwe mashineni kwa zamu, mfano wa msomaji anayelazimishwa kusoma kitabu kizima ili apate neno lililo ukurasa wa mwisho. Johnson na wenzake walitaka chombo kinachoweza kufungua ukurasa wowote mara moja. Walichukua sahani za alumini na kuzipaka rangi yenye chembe za chuma kilichoshika kutu, ambazo huweza kutiwa usumaku. Ili rangi isiwe na madonge waliichuja kwa soksi ndefu ya kike, na ili ienee sawasawa waliimimina kutoka vikombe vya karatasi huku sahani ikizunguka. Usidharau basi vifaa duni vya maabara ya shule yako.

Matunda ya kazi hiyo yalitangazwa mwezi wa Septemba mwaka wa 1956. Mashine iliitwa RAMAC. Chombo chake cha kuhifadhia kilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimeta 61, na uzito wake ulikaribia tani moja. Wafanyabiashara waliikodi mashine nzima kwa dola 3,200 kwa mwezi. Je, chombo hicho kilibeba kiasi gani? Herufi milioni 5. Ukichukua ukurasa mmoja kuwa na herufi 2,000, utaona kwamba chombo cha tani moja kilibeba kurasa 2,500 tu, yaani rafu moja ya vitabu.

Tangu hapo historia ya diski ni historia ya kitu kinachopungua umbo na kuzidi uwezo. Mwaka wa 1980 kampuni ya Alan Shugart, aliyepata kuwa mfanyakazi wa IBM, ilitoa diski ndogo ya kutosha kuingia katika kompyuta ya mezani. Ilibeba megabaiti 5, karibu sawa na ile RAMAC nzima. Kompyuta ya mezani ya IBM ya mwaka wa 1981 ilitoka bila diski ya namna hii; iliyofuata, ya mwaka wa 1983, ilitoka na diski ya megabaiti 10. Mwaka wa 1988 wanasayansi wawili, Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja kwake, waligundua kwamba tabaka nyembamba sana za metali hubadilisha sana upitaji wa umeme zikiguswa na usumaku hafifu. Ugunduzi huo uliwezesha diski kusoma alama ndogo mno, na wagunduzi wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2007. Mwaka huo huo kampuni ya Hitachi ilitoa diski ya terabaiti 1. Piga hesabu mwenyewe: terabaiti 1 ni sawa na vyombo 200,000 vya mwaka wa 1956.

Iko pia aina ya pili ya diski, isiyo na sahani wala kitu chochote kinachozunguka. Asili yake ni kazi ya Fujio Masuoka, mhandisi wa Japani, katika miaka ya 1980. Hiyo huweka habari kwa chaji ya umeme ndani ya vijumba vidogo vya silikoni. Ina kasi zaidi na haihofii mtikisiko, lakini kwa ukubwa ule ule bei yake kwa kawaida huwa juu zaidi.

Elimu hii haikubaki ng'ambo. Juja, katikati ya Ruiru na Thika, pana Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza kuwa chuo mwaka wa 1981 kwa msaada wa Japani. Mwaka wa 2016, serikali ilipoanza kuwapelekea wanafunzi wa shule za msingi vifaa vya kompyuta, chuo hicho kilikuwa kimoja kati ya vyuo vikuu viwili vilivyokabidhiwa kazi hiyo. Lakini si chache kompyuta za majumbani zilizotumika kwanza katika ofisi za nchi nyingine, ndipo zikauzwa kwetu. Mashine kama hiyo huwa ingali nzima, ila diski yake ilipimwa kwa mahitaji ya mtu mwingine na ya wakati mwingine. Mwenye nayo hana haja ya kuitupa. Anaweza kuiongezea ghala.

Kazi yenyewe si ngumu, lakini yataka utaratibu. Kwanza zima kompyuta na kuchomoa waya wa umeme ukutani. Fungua ubavu wa sanduku kwa bisibisi, kisha gusa chuma chake kabla ya kugusa kitu kingine, maana umeme tuli wa mwilini mwako waweza kuunguza vipande vya ndani. Tafuta chumba kitupu cha diski, uiingize ya pili, na uikaze kwa skrubu ili isitikisike. Diski za kawaida za kompyuta ya mezani huunganishwa kwa nyaya mbili: mwembamba wa kupitisha habari, unaokwenda kwenye bodi kuu, na mpana wa umeme, unaotoka katika kisanduku cha umeme. Nyaya hizo zina pembe iliyopinda, basi haziingii kinyume; ukiona zinakataa, usizilazimishe. Ukiiwasha mashine, diski mpya itakuwa kama shamba lisilopimwa. Lazima igawanywe na kupangwa, kazi ambayo mafundi huiita kufomati. Hapo uwe macho, kwa sababu ukiichagua diski ya zamani badala ya mpya utafuta kila kilichokuwamo. Nayo kompyuta ya kubebwa, ambayo mara nyingi haina chumba cha diski ya pili, huongezewa diski ya nje kwa waya wa yuesibii.

Sasa waweza kuuliza: nafasi yote hii ni ya nini? Jibu lipo karibu. Mjini Thika pana Shule ya Vipofu, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946. Kitabu ambacho mwanafunzi anayeona hukibeba kwa mkono mmoja, kikiandikwa kwa nukta za Braille hugeuka kuwa majuzuu kadhaa mazito. Kitabu hicho hicho kikiwa ndani ya diski hakina uzito wowote, na kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti humsomea asiyeona. Nako Ruiru pana kituo cha utafiti wa kahawa. Ugonjwa wa chulebuni ulipoyashambulia vibaya mashamba mwaka wa 1968, wataalamu walianza mwaka wa 1971 kutafuta mmea wenye kuustahimili, na mwaka wa 1985 wakaitoa mbegu iitwayo Ruiru 11. Miaka 14 ilipita kati ya mwanzo na mwisho. Mkahawa hauzai mwaka unaopandwa; atakayeuchagua uliofaa ni yule aliyehifadhi habari za mti wa mzazi wake na wa babu yake. Kumbukumbu za mwaka wa tano zingepotea, kazi ya miaka mitano ingepotea nazo.

Hapa ndipo tunaporudia maswali ya mwenye boma. Watu wengi wakishapata diski ya pili huhamishia humo picha zote, wakaifuta nakala ya kwanza, na kulala usingizi wakidhani wameweka akiba. La hasha! Wamehamisha nafaka kutoka ghala moja hadi ghala jingine. Diski yenye sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Pigo moja, au umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, waweza kuiharibu. Hata ile isiyozunguka huchakaa, nayo hufa wakati mwingine bila kutoa dalili. Tena mwizi akiibeba kompyuta, hubeba diski zote mbili pamoja.

Historia ya nchi yetu inatufundisha ubaya wa kumbukumbu zisizokuwa na nakala mikononi mwa wenyewe. Uhuru ulipokaribia mwaka wa 1963, watawala wa kikoloni waliteketeza baadhi ya faili zao za siri, na nyingine wakazisafirisha Uingereza. Faili zipatazo 1,500 kutoka Kenya zilikaa huko bila kutajwa. Mwaka wa 2011, katika kesi ya wazee walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba inazo, mahali paitwapo Hanslope Park. Mwaka wa 2013 ilikubali kuwalipa fidia wazee zaidi ya 5,000. Fikiri, msomaji: ushahidi wao ulikuwapo miaka yote hiyo, lakini haukuwa kwao. Na yale yaliyochomwa hayatasomwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo, ukiongeza diski, iongeze kwa nia mbili. Nia ya kwanza ni nafasi. Nia ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni nakala. Kile usichoweza kukipata tena, kama sauti ya nyanya yako au hesabu za chama, kiwe mahali pawili, na pa tatu pakiwezekana pawe mbali na nyumba hiyo, kwa ndugu unayemwamini. Mara kwa mara ifungue nakala hiyo uone kama ingali inasomeka, kama vile mama alivyotia mkono ghalani kuona kama mahindi hayajaingia fukusi. Vitu vilivyomo ulivirithi kwa wengine, na wapo watakaovirithi kwako. Watakapokuja kuvitafuta, wavikute.