Mashine Mbili na Kitambaa cha Sufu

Katika zama hizi, kijana aliyeshikwa na mapenzi ya udijei, akiisha kudunduliza fedha yake, huingia dukani na swali moja tu kinywani, yaani anunue chombo gani. Na muuzaji, ambaye riziki yake imo ndani ya jibu, aghalabu humwonyesha kilicho kipya kuliko vyote na ghali kuliko vyote. Simlaumu muuzaji, kwa kuwa biashara ina kanuni zake. Lakini naona ajabu kwamba tarikh ya vyombo hivyo, ambayo haijatimiza miaka mia na ambayo baadhi ya mashahidi wake wangali hai, haisimuliwi kwa mwanafunzi hata kidogo, ilhali ndani yake limo jibu lenye manufaa kuliko orodha ya bei. Vyombo vilivyopata sifa kubwa katika kazi hii aghalabu havikutengenezwa kwa ajili yake: viliundwa kwa watu wengine na kwa matumizi mengine, kisha vikaangukia mikononi mwa vijana wasio na mali, vikalazimishwa kufanya mambo ambayo mwenye kiwanda hakuyawazia, na kiwanda kikaja baadaye, kwa mwendo wa pole, kikiifuata mikono hiyo.

Asili ya kisa imo Kingston, mji mkuu wa Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1940, ambapo watu wa hali ya chini, wasioweza kukodi bendi, walikuwa wakikusanyika katika viwanja vya wazi kucheza kwa santuri zilizoletwa kutoka Marekani. Mwenye ngoma ya namna hiyo alikuwa na mashine moja tu ya santuri, nayo ikamtosha, kwa sababu fahari yake haikuwa katika mashine bali katika spika, makabati makubwa ya mbao, na katika amplifaya zilizoundwa na mafundi wa mjini mle mle. Hedley Jones, aliyejifunza ufundi wa rada katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndiye aliyemwundia amplifaya Tom Wong, aliyejulikana kwa lakabu ya Tom the Great Sebastian, na mshindo wa ngoma ya Wong ukawatia wivu wapinzani wake wote. Mashindano yalikuwa ya nguvu ya sauti: aliyesikika mbali ndiye aliyepata watu. Na kwa kuwa santuri adimu ilikuwa hazina, wenye ngoma waliikwangua karatasi ya jina iliyo katikati yake, ili hasidi anayechungulia asipate kujua ni wimbo gani wala wa nani, usiri ambao mganga yeyote wa pwani mwenye mkoba wa dawa zake angeutambua mara moja na kuuheshimu.

Desturi hiyo ndiyo aliyokulia Clive Campbell, aliyezaliwa Kingston mwaka 1955 na kuhamia New York mwaka 1967, akakaa pamoja na jamaa zake katika mtaa wa Bronx, mtaa uliokuwa wakati ule ukiteketea kwa moto wa nyumba na kwa kutojaliwa na wakubwa. Wenzake walimwita Kool Herc. Tarehe 11 Agosti 1973, dada yake Cindy alipotaka fedha za kununulia nguo za kufungulia shule, walikodi chumba cha shughuli katika jengo walimokaa, nambari 1520 ya barabara ya Sedgwick, wakatoza wasichana senti 25 na wavulana senti 50. Spika zilikuwa za baba yao, aliyezinunua bila ya kupata kuzitoa sauti yote iliyomo, hata mwanawe alipozifungua na kuzipanga upya nyaya zake. Nayataja haya kwa makusudi, maana watu husimulia usiku ule kana kwamba fikra mpya ilishuka kutoka mbinguni, na husahau kwamba ulitanguliwa na kijana aliyekaa na bisibisi mbele ya kitu cha baba yake.

Herc aliona kwamba wachezaji hawakuusubiri wimbo mzima, bali walisubiri sehemu moja fupi, pale waimbaji na ala zote zinaponyamaza zikabaki ngoma na besi peke yake. Na sehemu hiyo, kwa bahati mbaya, haidumu ila kwa sekunde chache. Basi akanunua nakala mbili za santuri moja, akaziweka juu ya mashine mbili, na kipande kilipokwisha upande huu akakianzisha upande wa pili, na kurudi tena, hata sekunde zile chache zikawa dakika nyingi. Hapo mashine ya pili, ambayo kwa mzee wa Kingston ilikuwa anasa, ikawa faradhi. Walakini Herc hakuhangaika sana kulinganisha mapigo. Aliishusha sindano kwa kukisia kwa macho, na pengine mapigo ya santuri moja yakagongana na ya nyingine, wala wachezaji hawakumkasirikia, kwa kuwa spika zake zilikuwa kubwa kuliko za mtu yeyote katika Bronx.

Ulinganifu wa mapigo ulikuwa umekwisha kufikiwa kwingine, mwendo mfupi kwa gari la moshi, huko Manhattan, katika klabu za watu wenye fedha za kutumia usiku. Katika klabu iliyoitwa Sanctuary, ambayo jengo lake lilikuwa kanisa zamani, Francis Grasso alikuwa akiizuia santuri kwa kidole huku sahani iliyo chini yake ikiendelea kuzunguka, akisikiliza kwa hedifoni, kisha akaiachia katika pigo lile lile alilolitaka. Mashine zake zilikuwa za Thorens, kampuni ya Uswisi iliyowatazamia watu wa kukaa sebuleni na kusikiliza muziki kwa utulivu. Mwaka 1971 fundi Alex Rosner, ambaye akiwa mtoto aliokoka katika kambi ya Auschwitz, aliiundia klabu ya Haven mikisa, yaani chombo cha kuchanganyia sauti za mashine mbili, iliyopakwa rangi nyekundu na kupewa jina la Rosie, ikimwezesha dijei kuusikia wimbo ujao kabla umati haujausikia. Na baada yake Rudy Bozak akatengeneza mikisa ya kuuzwa, imara na safi ya sauti, ambayo bei yake ilikuwa mbali na mfuko wa mtoto yeyote wa Bronx.

Ni katika pengo hilo, baina ya chombo kilichokuwapo na fedha isiyokuwapo, alimoingia mtu ninayemhesabu kuwa mwanafunzi bora kuliko wote katika kisa hiki. Joseph Saddler, aliyekuja kuitwa Grandmaster Flash, alizaliwa Barbados mwaka 1958, akasomea umeme katika shule ya ufundi ya Bronx, na nje ya shule akawa akiokota redio zilizotupwa na vipuri vya magari yaliyoachwa barabarani, akivifungua ili avijue. Alimtazama Herc akapenda fikra yake, wala hakupenda ule mgongano wa mapigo. Na badala ya kuuliza ni chombo gani anunue, aliuliza ni jambo gani linalomzuia, akayakuta mambo matatu, akayashughulikia moja baada ya moja kwa subira ya msonara.

La kwanza lilikuwa kusikia. Mikisa aliyoweza kuipata haikuwa na njia ya kumpatia masikioni santuri ya pili kabla ya watu, basi akanunua swichi ndogo, akaigundisha kwa gundi juu ya mikisa yake, akaunganisha nyaya, na kwa kuisukuma huku na huku akaweza kuchungulia kwa sikio upande autakao. La pili lilikuwa nguvu ya mota. Mashine nyingi za wakati ule, ukiisimamisha santuri kwa kidole, sahani yenyewe husita, na ukiiachia huchukua muda kuirudia kasi yake. Naye akazunguka madukani akizijaribu kwa ncha ya kidole, bila ya kujali jina lililoandikwa juu yake, mpaka akapata mashine ya Technics iliyokuwa ikirudi upesi. La tatu lilikuwa mkeka wa mpira uliowekwa juu ya sahani na kiwanda, ambao uliing'ang'ania santuri na kuikataza kuteleza. Mama yake alikuwa mshoni. Flash akachukua kitambaa cha sufu iliyogandamizwa, akakikata mviringo kadiri ya santuri, akakinyunyizia wanga wa kupigia pasi mpaka kikakauka na kuwa kigumu, na juu ya kitambaa hicho santuri ikakubali kusimama na kurudi nyuma, ilhali sahani chini yake haikukatiza mzunguko. Kisha akaichora santuri kwa kalamu ya nta mahali kipande kinapoanzia, ili ahesabu kwa macho mizunguko ya kurudi.

Amesimulia mwenyewe kwamba mara ya kwanza alipoonyesha ustadi huo hadharani, watu hawakucheza. Walisimama kimya wakimtazama kana kwamba wako darasani, naye akarudi nyumbani akalia. Mdogo wa mwenzake, mtoto aliyeitwa Theodore Livingston, alijifunza juu ya mashine hizo hizo, na katika mwaka wa 1975 au karibu yake, mama yake alipomgombeza chumbani kwa makelele, aliishika santuri ili amsikilize, akaisikia inavyokwaruza inaposukumwa mbele na nyuma, na huo mkwaruzo ukawa sauti inayotambulika leo duniani kote.

Huko Japani mambo haya yote hayakujulikana. Shuichi Obata, mhandisi wa kampuni ya Matsushita ya Osaka, alikuwa akiisaka dawa ya maradhi mengine: mkanda wa mpira unaoiunganisha mota na sahani hunyumbuka na kuchakaa, na kuipotosha kasi ya muziki. Akauondoa mkanda, akaiweka mota chini ya sahani yenyewe, na mwaka 1970 ikatoka mashine ya SP-10, iliyokusudiwa vituo vya redio na wasikilizaji wenye ukwasi, na mwaka 1972 ikatoka SL-1200 kwa ajili ya nyumba. Mota isiyo na mkanda ilikuwa na nguvu ile ile aliyokuwa akiitafuta Flash kwa kidole. Lakini aliyeiunda hakuwa na habari naye. Ni mwaka 1979 tu, ilipotoka SL-1200MK2, ndipo kiwanda kilipokiri kwa vitendo kwamba kimewasikia madijei: kasi sasa ilirekebishwa kwa kitelezi kirefu, kwenda juu au chini kwa asilimia 8, kitako kikafanywa kizito na kutiwa mpira ili mtikisiko wa besi usiifikie sindano, na taa ndogo ikawekwa ya kuimulika santuri gizani. Mashine hiyo ilidumu sokoni zaidi ya miaka 30 bila ya kubadilishwa sana, ikauzwa kwa mamilioni, ikasimamishwa mwaka 2010, na ukoo wake ukafufuliwa mwaka 2016.

Kwa hiyo mwanafunzi wa leo anayeuziwa kwa bei ya chini mashine ya mkanda, yenye sanduku la kupendeza na spika ndani yake, anauziwa kitu kizuri cha kusikilizia na kibaya cha kufanyia kazi; na kama angetia kidole juu ya sahani kabla ya kutoa fedha, angelijua hilo bila ya kusomewa maelezo yoyote.

Lipo jambo jingine ambalo wapenzi wa kisa hiki hulipitia haraka. Usiku wa tarehe 13 Julai 1977 umeme ulikatika karibu New York yote, maduka yakavunjwa, na baadhi ya waliokuwapo wamesema bila ya kuficha kwamba asubuhi yake idadi ya vikundi vyenye mashine na mikisa katika Bronx ilikuwa imeongezeka ghafula. Sithubutu kuusifu wizi. Lakini nasema kwamba, miaka minne baada ya karamu ya Sedgwick, wapo waliokuwa wakijua barabara ni kitu gani wanakihitaji, na walichokosa ni thamani yake tu.

Yaliyofuata yanajulikana na sitayarefusha. Pioneer ilileta mashine za diski, na ile ya mwaka 2001, CDJ-1000, ikapewa gurudumu pana ili mkono uliozoea santuri usijione mgeni. Miaka hiyo hiyo zikaja programu zilizoiruhusu santuri kuendesha nyimbo zilizomo katika kompyuta. Na mwisho vyombo vyote vikakusanywa katika ubao mmoja mwepesi, wenye sahani mbili za plastiki na mikisa katikati, ambao ndio unaopendekezwa kwa waanzao, na kwa hakika si pendekezo baya. Linalofaa kukaguliwa humo ni yale yale matatu ya Flash, na la kwanza, ambalo ni kusikia, hutimizwa kwa hedifoni nzuri kuliko kwa ubao wenye vitufe vingi.

Kwetu, ustadi wa kurefusha kipande kifupi umezaliwa mara ya pili katika mitaa ya Dar es Salaam, Manzese na Tandale na Mburahati, ambako vijana waliokuwa wakipiga muziki katika sherehe za mitaani ziitwazo vigodoro walikata kipande cha taarabu ya kisasa, wakakirudia bila ya kikomo na kukiongeza kasi, huku mwimbaji akighani juu yake, mpaka ikapatikana singeli, ambayo studio ya Sisso ya Mburahati imeifikisha Ulaya kwa santuri zilizotolewa na kampuni ya Kampala. Singeli huenda kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Kitelezi cha mwaka 1979, chenye asilimia 8 zake, hakiwezi kuutoa wimbo wa mapigo 120 ukapita 130, wala mashine ile tukufu ya Osaka haingewafaa vijana hawa hata kama wangepewa bure. Kilichowafaa ni kompyuta na programu isiyowawekea mpaka wa kasi, na hicho ndicho walichokitumia.