Daladala za Unguja

Daladala za Unguja ni magari ya abiria yanayomilikiwa na watu binafsi na kutoa sehemu kubwa ya usafiri wa umma katika kisiwa cha Unguja, Zanzibar, nchini Tanzania. Wakazi wengi wa pembezoni mwa Jiji la Zanzibar huyategemea kwenda kazini, shuleni na sokoni asubuhi na kurudi nyumbani jioni.

Historia

Usafiri wa abiria kutoka nje ya mji una historia ndefu Unguja. Mwaka 1905 kampuni ya Marekani ya Arnold, Cheney ilijenga reli ya takriban maili saba kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, kaskazini mwa mji. Serikali iliinunua mwaka 1911, lakini ilifungwa katika miaka ya 1920, wakati magari yalipokuwa yameanza kuchukua nafasi yake. Leo njia ya Bububu ni miongoni mwa njia zinazojulikana zaidi za daladala.

Jina "daladala" lilianzia Dar es Salaam. Kwa kawaida huelezwa kwamba limetokana na "dala", jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli ya safari moja.

Magari na njia

Kuna aina mbili kuu za magari. Ya kwanza ni malori madogo yaliyowekewa paa na mabenchi yanayotazamana. Abiria hupandia nyuma na mizigo huwekwa juu ya paa. Ya pili ni mabasi madogo, hasa katika njia za mjini. Kondakta hukusanya nauli, na abiria anayetaka kuteremka husema "Shusha!"

Kila njia ina namba. Njia za mjini na vitongoji vyake huanza na 5, kwa mfano 502 ya Bububu na 505 ya Uwanja wa Ndege. Njia za kaskazini huanza na 1, kama 116 ya Nungwi. Za kati na mashariki huanza na 2, kama 206 ya Chwaka. Na za kusini huanza na 3, kama 309 ya Jambiani na 310 ya Makunduchi. Kwa muda mrefu Darajani, ukingoni mwa Mji Mkongwe, palikuwa kituo kikuu.

Daladala haziingii ndani ya Mji Mkongwe kwa sababu vichochoro vyake ni vyembamba. Anayefanya kazi huko humalizia safari yake kwa miguu, kwa baiskeli au kwa vespa.

Usimamizi

Usafiri wa barabarani si jambo la Muungano. Kwa hiyo mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu Tanzania Bara haina madaraka Zanzibar, na leseni, njia na nauli za Unguja husimamiwa na vyombo vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Changamoto

Kwa mujibu wa sensa, wakazi wa Mkoa wa Mjini Magharibi waliongezeka kutoka 593,678 mwaka 2012 hadi 893,169 mwaka 2022. Ongezeko hilo limekuwa kubwa zaidi nje ya mji wa zamani, katika wilaya za Magharibi, ilhali ofisi, maduka na bandari vimebaki kwa wingi mjini. Matokeo yake ni msongamano asubuhi na jioni.

Kwa kuwa mapato ya gari hutegemea idadi ya abiria, dereva hupendelea kusubiri hadi gari lijae, na magari hupungua usiku. Anayechelewa kazini hulazimika kukodi teksi au bodaboda, ambazo nauli yake ni kubwa kuliko ya daladala. Mzigo huo huwaelemea zaidi wenye kipato kidogo, ambao mara nyingi ndio wanaoishi mbali na mji.