Kazi za vijana wa kiume katika fuo za Kisumu

Katika takwimu za ajira, nguvukazi ni jumla ya watu wenye kazi pamoja na wasio nayo lakini wanaoitafuta. Kijana aliyekata tamaa akaacha kutafuta hamo katika hesabu hiyo. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani (ILO), saa moja ya kazi ya kipato ndani ya siku saba yatosha kumfanya mtu ahesabiwe kuwa na ajira.

Kipimo hicho hupata taabu katika fuo za Ziwa Victoria, ambako riziki ya kijana hufuata mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta samaki. Mwezi ukipevuka, mashua hubaki nchi kavu. Aidha, tangu Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Kijana yule yule basi aweza kuwa mvuvi juma hili na asiye na kazi juma lijalo, kutegemea siku ambayo karani alimbishia hodi. Wala hana mshahara. Mapato ya usiku, yakishaondolewa gharama, hugawanywa baina ya mwenye mashua na wavuvi wake, na nyavu zikitoka tupu hakuna cha kugawana.

Mambo hayakuwa hivi daima. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na kwa miongo mingi reli, bandari na viwanda viliwapa wanaume kazi za mshahara. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza mwaka 1922. Mwaka 2001 kiliwekwa chini ya mrasimu. Kiwanda cha nguo cha Kisumu Cotton Mills kilikuwa kimekwisha kuanguka katika miaka ya 1990. Minofu ya mbuta ilileta neema ya viwanda vipya, lakini gugumaji lilipoziba ghuba, na Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hilo mwaka 1999, neema hiyo nayo ikayumba.

Waliokosa nafasi viwandani waligeukia bodaboda, kwanza za baiskeli, kisha za pikipiki, hasa baada ya serikali kupunguza kodi ya pikipiki ndogo mnamo 2008. Hapa takwimu hupotosha kwa namna nyingine: mwendeshaji huhesabiwa kuwa na kazi, ilhali wengi hawamiliki pikipiki na humkabidhi mwenyewe fedha kila jioni, abiria wawe wengi au wachache. Mpango wa Kazi kwa Vijana, ulioanzishwa mwaka 2009, ulitoa vibarua vya muda mfupi vya kusafisha mitaro na kukarabati barabara. Navyo vilihesabiwa kuwa ajira.