Bei ya Mgeni: Bagamoyo Tangu Doti za Merikani Hadi Fungate Zetu



Msimu wa harusi umepamba moto hapa visiwani, na swali tunaloulizwa sana na mabibi harusi, baada ya lile la hina, ni hili: fungate twende wapi bara bila ya kumaliza pesa tulizotunzwa? Wengi mnaitaja Bagamoyo. Si mbali, unavuka kwa boti hadi Dar, unashika njia ya Bunju na Mapinga, na adhana unaisikia kila upande. Na sisi tunaipenda. Lakini tumeshaliwa pesa pale, tena tukichekewa usoni, na tulipokaa kusoma historia ya mji ule tukagundua kuwa wageni walianza kuliwa pesa Bagamoyo zamani sana. Yupo mmoja aliyelalamika hadi akaandika kitabu.

Mwanzo tuseme lililotukuta. Tulimsindikiza mdogo wetu na mumewe, siku ya tisa tangu nikah, kwenda kuona magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini ya mji. Msikiti wa kale pale unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yapo, na kisima, na mibuyu. Njiani kijana mmoja akatukuta, hana kitambulisho wala sare, maneno yake asali. Akatusimulia kuwa ukiuzunguka mbuyu umri unaongezeka, kisha akatoa chupa ya maji mfukoni mwake. Maji ya kisima cha Kaole hayo, akasema, bibi harusi akinawa nayo anapata mtoto ndani ya mwaka. Shilingi 20,000. Mdogo wetu akatutazama, akamtazama mumewe, akatoa pesa.

Usiku tulimuuliza, wewe umesoma madrasa miaka yote ile, umri na mtoto unajua vinatoka kwa nani, ilikuwaje? Akasema hakuyaamini maji hata kidogo. Aliona haya kukataa mbele ya mume mpya, asije akaonekana ana mkono wa birika. Na shemeji yetu naye, alipoulizwa, akasema alinyamaza kwa kuchelea kuonekana bahili mbele yetu. Basi kila mmoja akamwonea haya mwenziwe, na kijana akaenda zake na noti. Somo anatufundisha mengi kabla ya harusi, lakini hili hatukumbuki kufundishwa.

Turudi kwenye huyo mwenye kitabu. Ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyefika Unguja Januari 1871 akitaka kwenda kumtafuta David Livingstone. Hakujua chochote kuhusu safari za bara. Tusimnyime haki yake, alianza vizuri, maana hakununua kitu kabla ya kuuliza. Akamwendea mzee wa mji aitwaye Sheikh Hashid, mtu aliyezijua safari, akamuuliza chakula cha watu 100 kwa siku ni kiasi gani. Jibu lilikuwa doti 10, yaani yadi 40 za nguo, kwani siku zile nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Akaambiwa pia achanganye: doti 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki, na 650 za nguo za rangi. Shanga nazo zina nchi zake. Nyeusi zinapokewa Ugogo, ukizipeleka kwingine zinakuwa mzigo wa bure. Nyekundu, zile za samesame, zinapendwa karibu kila mahali. Kikao kimoja cha adabu na mtu anayejua kilimwokolea mali nyingi.

Kisha akavuka, Februari 1871, na Bagamoyo ikamkalisha wiki sita.

Fahamuni mji ulivyokuwa. Bagamoyo ilikuwa mlango wa njia ya kati, ile iendayo Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu zikishuka, nguo, shanga na waya zikipanda, na kila kitu kikibebwa kichwani na begani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mwenye msafara bila wapagazi ni sawa na mwenye gari bila mafuta. Waliojua wapagazi wako wapi na wanalipwaje walikuwa wachache, na mgeni hakuwa na njia ila kupitia kwao. Stanley aliahidiwa wapagazi na mtu wa kwanza, siku zikapita hakuna kitu. Akapelekwa kwa kijana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 20 hivi, kwa wasta wa tajiri Tharia Topan. Huyu Tharia ndiye aliyelianzisha lile jengo la dispensari ya zamani pale Mizingani, mnalipita kila mkienda Forodhani. Kijana yule wapagazi aliwaleta kweli, lakini kwa maneno ya Stanley kila hesabu ilikuwa imenenepeshwa. Kitabu kinasema walibishana karibu kila siku juu ya nguo za malipo ya wapagazi.

Tukisoma tunaona kilichomponza Stanley, nacho ni kuwa masika ilikuwa inakaribia na kila mtu mjini akijua kuwa ana haraka. Mtu mwenye haraka habishani bei kwa nguvu. Alitoka na msafara wake wa mwisho tarehe 21 Machi 1871.

Hapa ndipo palipotufanya tuandike makala hii. Kijana yule, ambaye kitabuni jina lake limeandikwa Soor Hadji Palloo, ndiye Sewa Haji Paroo. Alizaliwa 1851 na akafariki 1897, na baada ya miaka ya kutayarisha misafara akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani. Mali yake aliitoa ijengwe shule Bagamoyo ya watoto wa rangi zote na dini zote, na hospitali Dar es Salaam. Mliowahi kupeleka mgonjwa Muhimbili mnalijua jengo la Sewa Haji. Ni yeye. Je, alimpunja Stanley? Sisi tuna ushahidi wa upande mmoja tu, tena wa mtu anayesimulia vizuri kupita kiasi. Hata yale maneno yake mashuhuri ya kumsalimia Livingstone Ujiji, yapo majarida ya historia na vitabu vinavyosema huenda aliyatunga baadaye, na kurasa za siku ile katika daftari lake zimechanwa. Stanley naye alikuwa muuzaji, na bidhaa yake ilikuwa hadithi.

Na hadithi ndiyo inayouzwa ghali zaidi Bagamoyo hadi leo, kuliko hata samaki wa kukaanga. Mtaambiwa jina la mji maana yake ni "bwaga moyo", mtumwa anaacha moyo wake hapa, haoni tena kwao. Mtaonyeshwa chumba chenye giza, sauti itashushwa, machozi yatawalenga, na mwisho mkono utanyooshwa. Utumwa ulikuwepo, hatuukatai wala hatufichi, na pwani yetu na visiwa vyetu vimo ndani yake hadi pale soko la Unguja lilipofungwa Juni 1873. Lakini Kilwa ilipitisha watumwa wengi zaidi kuliko Bagamoyo, na wanahistoria kama Stephen Rockel wameonyesha kuwa wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa watu huru waliolipwa, na kwa vijana wa Kinyamwezi safari ya pwani ilikuwa fahari ya kuwa mwanamume. Kwao wao kubwaga moyo kulikuwa kutua mzigo, kupumzika, kuiona bahari. Mwongozaji aliyewaeleza maana zote mbili, mlipeni vizuri na muongeze. Aliyewapa ile ya machozi peke yake amewauzia nusu kwa bei ya zima.

Ajabu ni kwamba simulizi lililotugusa zaidi hatukuuziwa na mtu. Tulilisikia barazani kwa bi mkubwa mmoja aliyetukaribisha chai ya mchaichai. Ni la Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya. Aliletwa Bagamoyo mtoto mdogo, mtumwa, kutoka Manyema huko Kongo. Akasoma, akafikia kuwa khalifa wa Qadiriyya, wanafunzi wakamjia kutoka mbali, na baadaye akawa liwali wa mji ule ule alioingia akiwa mali ya mtu. Alifariki 1931. Mpaka leo Bagamoyo ni mji wa zikri kwa sababu yake na ya watu waliomfuata. Mkienda, ulizeni habari zake kabla ya kuuliza habari za minyororo.

Neno jingine mnalolijua lina asili yake katika njia ile, nalo ni hongo. Zamani hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa ada ambayo msafara ulitoa kwa mtawala wa nchi ili upite na uchote maji, khasa Ugogo ambako maji ni ya shida. Ilibishaniwa siku nzima, wakati mwingine siku mbili, lakini ilikuwa ya wazi na kila mtu akijua ni ya nani. Kinachotusumbua sisi leo ni kutojua tunayemlipa. Kwenye vivutio vya serikali unapewa namba ya malipo na risiti, na raia analipa pungufu ya mgeni, kwa hivyo bebeni vitambulisho. Tulishawahi kulipa bei ya kigeni kwa kuwa tu kitambulisho kilikuwa kwenye begi hotelini. Mtu anayetaka pesa taslimu mkononi, bila karatasi, nje ya geti, huyo anajitoza hongo yake mwenyewe.

Papasi wa bandarini Dar wanafanana na wa kwetu, ila wao hawakujui mama yako, kwa hivyo hawana haya. Tiketi ya boti ya kurudi nunueni dirishani. Bodaboda na bajaji elewaneni kabla hamjapanda, na bei muulizeni muuza duka kwanza, yeye hana faida wala hasara. Ndio Sheikh Hashid wenu huyo. Mkipenda kupitia Mbudya, mashua inatoka upande wa Kunduchi na kiingilio cha hifadhi ya bahari ni kitu mbali na nauli, basi ulizeni kama bei mliyotajiwa ina vyote viwili, na ya kurudi pia. Shoga yetu mmoja alilipa ya kwenda tu. Kuipata ya kurudi, jua linazama na yuko kisiwani, ilikuwa mara mbili.

Na msipange kila kitu siku ya mwisho. Stanley alibanwa na masika, nyinyi mtabanwa na boti ya kurudi.

Kuhusu haya ya bibi harusi na bwana harusi, tulichofanya sisi kwa waliofuata ni kuwakalisha wote wawili kabla ya safari, mbele ya shangazi, wakapatana nani atashika pesa na nani atasema hapana. Wakacheka sana. Bwana harusi mmoja alichagua mkewe ndiye aseme, maana yeye, kwa maneno yake, akisifiwa kidogo tu anatoa.

Mdogo wetu ana mtoto wa kike sasa, mashaAllah, aliyezaliwa mwaka wa tatu. Chupa ya Kaole ilikaa kabatini muda mrefu, hata mama mkwe wake akaiona, akauliza ni maji gani, akaambiwa. Akaimwagia mirehani.