Dhahabu ya Banki na Namba Milioni Tatu

Wazee wetu wa Katanga waliweka ndani ya nyumba misalaba midogo ya shaba. Ilikuwa feza, ilitumika hata kwa mahari, na uzito wake haukupungua. Tunawakumbuka wazee hao tukiangalia sarafu moja ya China.

Mwaka 2012 Bank of China ilitimiza miaka 100. Ikatolewa sarafu ya ukumbusho ya dhahabu: upande mmoja Hekalu la Mbingu la Beijing, upande wa pili panda, pamoja na maneno ya kutaja sikukuu ya banki. Uzito ni robo ya wakia, ni kusema karibu gramu 8. Imeandikwa yuan 100, lakini dhahabu yenyewe inapita bei hiyo mara nyingi. Nani ataipeleka sokoni kununua mchele?

Miaka 100 inasikika sawa na barabara iliyonyooka. Tuifuate kidogo. Banki ilizaliwa Shanghai mwaka 1912, wakati ufalme ulipoanguka. Mwaka 1935 ilikuwa kati ya banki zilizoruhusiwa kutoa fabi, noti isiyobadilishwa tena kwa fedha ya madini. Vita na Japani vikaja, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, na serikali ikachapa makaratasi bila kipimo. Mwezi wa Agosti 1948 ikaleta noti mpya, ikaiita “yuan ya dhahabu”: moja kwa fabi 3.000.000. Raia waliamriwa kupeleka dhahabu yao banki. Waliotii walibaki na karatasi tu, maana kwa miezi michache noti ile ilikufa. Mwaka 1949 serikali yenyewe ikakimbilia Taiwan.

Milioni tatu! Namba hiyo sisi tunaijua. Oktoba 1993, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani, na kule Kasai watu waliikataa kabisa. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo.

Kwa hiyo sarafu ya panda ni nzuri, lakini haisemi yote. Inaonyesha dhahabu ambayo banki inaisifu siku ya sikukuu. Haionyeshi dhahabu ambayo raia walinyang’anywa mwaka 1948. Hayo ni kazi yetu kuyaeleza watoto: jina la dhahabu juu ya karatasi si dhahabu, na feza inaishi pale watu wanapoamini yule anayeitoa. Wazee wetu, na msalaba wao wa shaba, walilijua hilo zamani.